Mstari wa Pili

Juzi nilikaa kwenye kigoda cha fundi simu mmoja, si mbali na Msimbazi, nikihesabu skurubu alizozitoa kwenye simu yangu. Saba. Nikahesabu tena: saba. Bei tulishapatana, yaani alitaja yake, nikacheka, akataja yangu. "Mama, mbona unahesabu mara mbili? Huniamini?" Sikumjibu, maana wakati huohuo aligusisha pasi ya kuchomea kwenye risasi ya kuungia nyaya, na ule moshi mwembamba, mchungu, ukanipanda puani. Nikawa tena mtoto wa miaka kumi, na hasira zikapanda kana kwamba hazijawahi kushuka.

Ule ulikuwa moshi wa baba yangu. Baba alikuwa fundi redio hapahapa Kariakoo, na meza yake ilikaa barazani kwa mama mwenye nyumba wetu. Nyumba yenyewe ilikuwa ya vyumba vinane, ukumbi mrefu katikati, uani nyuma. Mwenye nyumba hakumtoza baba chochote kwa baraza ile. Likumbukeni hilo, mimi sijalisahau.

Mwaka ule redio zote za nyumba zilishikwa na kelele, kkrrr, kama mtu anakaanga dagaa kutwa nzima. Watu walivumilia kukosa mpira. Lakini siku moja kelele ilifunika matangazo ya vifo, na mama mwenye nyumba hakusikia kwamba kaka yake amefariki Morogoro. Habari alikuja kuletewa na msafiri, mazishi yamepita siku tatu. Alilia ukumbini mpaka sauti ikamkauka, kisha akaapa kwamba mwenye kelele, akijulikana tu, anafungasha.

Mwenye kelele alishajulikana kabla hajatafutwa. Bi Somoe, mshonaji kutoka Lindi, alikuwa ndiyo kwanza amefunga mota kwenye cherehani yake, awahi sare za shule za Januari. Alikuwa mgeni, anaishi peke yake, mtu wa Kusini. Pale nyumbani hesabu ilishatimia. Baba aliombwa tu aipigie muhuri.

Kazi aliifanya vizuri, hapo simsingizii. Alinishikisha redio ndogo ya mkononi, akanifundisha kuizungusha taratibu. Ndani mna kijiti cheusi kinachonasa mawimbi; ncha yake ikielekea penye chanzo, kelele inafifia. "Ikinyamaza," alisema, "ujue inamtazama mwenyewe."

Mlangoni kwetu ilinyamaza ikielekea chumbani kwa Bi Somoe. Nikashangilia. Baba akanikatiza: mstari mmoja unakupa upande, haukupi mahali. Mstari ule, akasema, umepita kwa muuza kahawa, ambaye ana taa moja tu, huyo mwache. Umepita kwa Bi Somoe, ana mota. Umetoboa ukuta wake mpaka stoo ya mwenye nyumba, mna friza ya barafu. Tunachokijua kimetubakizia wawili. Twende tukatafute mstari wa pili.

Tukatokea uchochoroni. Nikaizungusha. Ikanyamaza ikitazama stoo. Nikarudia, maana sikuamini. Stoo. Chumba cha Bi Somoe kilikuwa kando kabisa.

Baba aliutazama ukuta ule wa stoo. Kisha akaizima redio.

Ukumbini watu walishajaa. Mwenye nyumba akauliza imeelekea wapi. Baba akasimama mlangoni kwetu, akanyoosha mkono. "Kutokea hapa, inaelekea kule." Hakusema uongo. Hata leo huwezi kumshika kwa neno moja. Alitoa mstari wa kwanza, akaumeza wa pili.

Bi Somoe hakubishana na watu wazima wenzake. Aliniita mimi.

"Mwanangu, mmepima mara ngapi?"

Nilimtazama baba. Baba alikuwa anakagua betri.

"Mara moja," nikasema.

"Haya."

Kesho yake asubuhi mkokoteni ulipakia cherehani na bunda la sare zilizokatwa, hazijashonwa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ileile ya kila siku. Afadhali angenitukana.

Kelele haikuhama naye. Wakasema mwanamke yule ameacha kitu chumbani. Chumba kikafukizwa ubani, kkrrr iko palepale. Miezi baadaye friza ikaungua yenyewe, redio zikatulia tuli, na nyumba nzima ikausifu ubani. Mwenye nyumba aliusifu kuliko wote.

Kwa miaka mingi nilimkasirikia huyo mwenye nyumba, maana ndiye aliyekuwa rahisi kukasirikiwa. Baadaye, nilipoanza kuhangaikia baraza yangu mwenyewe ya biashara, nikajua baba aliogopa kupoteza nini, na kujua huko hakujapunguza hasira hata chembe. Kujua mambo kabla ya kupima si kosa. Baba alimwondoa muuza kahawa kwa kujua tu, na alikuwa sahihi. Kosa ni kwamba mstari wa pili ulikuja kutusahihisha, tukaizima redio. Na redio ilikuwa mkononi mwangu.

Fundi alikaza skurubu ya mwisho. "Hujanijibu, mama."

Nikamwambia kuhesabu kwa kwanza ni kwa ajili yake. Kwa pili ni kwa mtu mwingine, aliyeniuliza zamani, nami nikamtajia pungufu.