Delfina, mwalimu wa wazee wanaoelea

Jua linachungulia juu ya milima ya Tucson, Arizona, na mvuke unapanda kutoka kwenye bwawa la maji ya moto, mweupe, taratibu. Ndani ya mvuke huo vinaonekana vichwa vya wazee: kofia za rangi ya waridi, mvi, upara unaong'aa. Hakuna mwenye haraka.

"Legeza shingo, Bi Lorraine," inasema sauti. "Maji yanakubeba. Yaachie kazi yake."

"Yakinidondosha nakushtaki," anajibu Lorraine, bibi wa miaka themanini na minne, macho kayafumba.

Sauti ni ya Delfina Arroyo, 53, aliyezama hadi kifuani, viganja vyake chini ya mgongo wa bibi huyo.

Delfina alikuja Palo Seco, kijiji hiki cha wastaafu, kama mfua mashuka. Kuogelea alijifunza hapahapa akiwa mtu mzima, kila akimaliza zamu, mpaka akakabidhiwa kazi ya kuwafundisha wazee bwawani.

"Nchi kavu wanaumwa magoti, nyonga, kila kitu," anasema. "Wakiingia majini uso unabadilika, kama mtu aliyetua mzigo."

Lakini mwanafunzi wake anayezungumziwa zaidi hapa hakutaka hata kulisikia bwawa.

Mzee Orville Lindqvist alifuga ng'ombe wa maziwa Minnesota, jimbo la baridi kali la kaskazini, maisha yake yote. Yeye na mkewe, Astrid, walihamia Arizona kulifuata jua. Astrid alipofariki, mzee alifunga mapazia. Chakula chake kikawa matunda ya kopo. Alikonda, akaanza kuanguka, na binti yake Karin, aliyebaki kaskazini, akaingiwa na hofu. Akapanga baba ahamishiwe jengo la uangalizi, ambako milango hufunguliwa na wahudumu tu.

Delfina akawa anapita kumgongea.

"Niache, mwanangu. Nimechoka."

"Basi choka ukiwa nje, mzee. Njoo ukae kwenye kiti uniangalie nisizame."

"Wewe si ndiye mwalimu?"

"Walimu ndio wanaozama. Wanafunzi wana woga, hawafiki mbali."

Siku moja alikuja, kavaa buti na kofia, akaketi kando ya bwawa kama mgeni msibani. Lorraine hakumvumilia.

"Orville, umekuja kuchunga? Haya, ng'ombe wako ndio sisi!"

"Ng'ombe wangu walikuwa na adabu," mzee akajibu. Bwawa zima likaangua kicheko, na yeye mwenyewe akacheka, huku akionekana kukishangaa kicheko chake.

Wiki iliyofuata alivua buti. Kisha akatumbukiza miguu. Hatimaye, asubuhi moja ya baridi, Delfina alimlaza chali juu ya maji, kichwa chake kiganjani.

"Masikio yalipoingia majini akatulia kabisa," anakumbuka. "Akasema, 'Kumbe ni kimya hivi. Kama theluji inapoanguka ziwani.' Halafu akalia. Nikamwacha alie. Majini machozi hayamwaibishi mtu."

Karin alipowasili kukamilisha uhamisho, alikuta nyumba wazi na kitanda kitupu. Alikimbia bustani nzima akiita, hadi akafika bwawani.

"Baba!"

Mzee, aliyekuwa akielea katikati ya mvuke, alifungua jicho moja. "Punguza sauti, Karin. Unaniamsha."

Karin aliingia majini na nguo zake. Delfina akasogea pembeni, akampisha kushika kichwa cha baba yake.

"Nilimpigia simu kila Jumapili kumuuliza kama amemeza dawa," Karin ananiambia. "Sikuwahi kumuuliza kama amecheka. Yeye ndiye aliyenifundisha kuelea, kwenye ziwa letu, nikiwa mdogo. Shingo yake ilikuwa nyepesi mno mkononi mwangu."

Uhamisho ulisitishwa. Mzee Orville bado anaishi kwake. Zipo siku mapazia hayafunguki, na hizo ndizo siku Lorraine humfuata mlangoni na taulo begani, akimtukana kwa upendo hadi atoke.

Delfina naye ana mzazi. Mama yake, Eulalia, aliyezeeka akivuna saladi mashambani Yuma, humuhumu Arizona, anaishi naye nyumbani na magoti yasiyokunjika. Kodi ya kuishi Palo Seco hawaimudu, na bwawa ni la wakazi tu. Kwa hiyo Delfina alimwendea meneja na ombi moja: siku bwawa linapopumzika, liwe la wazazi wa wafanyakazi. Meneja alisitasita, kisha wazee wenyewe, Orville akiwa mbele, wakaenda ofisini kwake na nguo za kuogelea, wakichuruzika maji kwenye zulia. Akakubali.

Wataanza Jumatatu ijayo. Kizuizi kimebaki kimoja.

"Mama anasema ameshaoga, hana shida ya maji," Delfina anacheka, akijikausha nywele. "Nimemnunulia nguo ya kuogelea, kaificha. Lakini jana nilimkuta mbele ya kioo, kaivaa juu ya gauni, anajigeuza huku na huku."