Sakafu ya Kwanza ya Lorine

Rachael hakwenda kuuza chapati pale mjengoni Mamboleo kwa sababu ya soko. Alikwenda kwa sababu ya kamba. Siku ya kwanza binti yake Lorine alipoanza kibarua, Rachael alimfuata nyumanyuma kutoka Nyalenda, akaona ngazi ya miti iliyofungwa kwa kamba iliyochakaa, akarudi nyumbani kutafuta jiko. Kesho yake alikuwa langoni na jiko, meza na sufuria ya maharagwe, na kabla hajasukuma chapati ya kwanza alikuwa ameshamuuliza fundi kamba ile itabadilishwa lini.

Fundi alikuwa Kahiga, mtu wa Murang'a aliyekaa Kisumu mpaka akajua kumla samaki wa mbuta kuanzia kichwa hadi mkia. Kamba akaibadilisha. Baadaye akaulizwa habari ya misumari iliyoachwa kwenye mbao, akatuma watu waing'oe. Alipoulizwa kama mtu anaweza kupigwa na jua akiwa ndani ya nyumba isiyo na paa, alimwita Rachael Inspekta, na jina likashika. Hata madereva wa malori ya kokoto wakawa wanasimama kuulizia chai kwa Inspekta.

Lorine aliona haya. Alimwomba mama yake auze tu, aache kuhesabu miti ya ngazi mbele ya watu. Rachael alikubali, akawa anaihesabu kimoyomoyo.

Yeye alikuwa ametaka Lorine ajifunze kazi ya saluni, kazi ya kukaa kivulini. Lakini chumba chao cha kupanga kule Nyalenda kilikuwa na sakafu ya ajabu. Mvua ikinyesha, maji yaliyoingia hayakutafuta mlango. Yalikwenda moja kwa moja chini ya kitanda na kukaa huko kama wageni. Tangu akiwa mdogo Lorine aliyafagia huku akiuliza nani alijenga hivi, na kwa nini. Mwenye nyumba hakujua. Rachael hakujua. Basi msichana alipomaliza kidato cha nne alisema anakwenda kutafuta mtu anayejua.

Kwa Kahiga alianza kama mtu wa mkono, yaani wa kuwabebea mafundi. Alichunga mchanga, akachota maji, akapanda na kushuka na karai la saruji kichwani. Akajua kuchanganya bila kuambiwa, akajua kunyoosha uzi wa kupimia ukuta, na Kahiga akipumzika alimwazima mwiko wake apake ukuta ambao ungefunikwa na kabati. Jioni alirudi nyumbani na saruji kwenye kope, akila kama watu wawili, akimweleza mama yake mambo ya kuta mpaka usingizi unamkata maneno.

Nyumba ya Mamboleo ilipokaribia kuisha, Kahiga alipata kazi nyingine Pap Onditi, kujenga nyumba za walimu. Alihitaji fundi mmoja zaidi. Akampa Lorine bafu dogo la chini alitengeneze sakafu peke yake, kisha akamweleza desturi yake, watu wote wakisikia. Sakafu ya mwanafunzi yeye haipimi kwa vyombo. Anamwaga ndoo ya maji. Yakiisha yote kwenye tundu la kutolea maji, mwanafunzi anakwenda Pap Onditi akishika mwiko. Yakibaki, anavunja mwenyewe na kurudi kwenye karai.

Frankline, mtu wa mkono kutoka Ahero kunakofurika kila masika, alisema kwao hakuna haja ya kuinamisha sakafu, maji huja na mipango yake. Watu wakacheka. Rachael hakucheka, chapati yake ilikuwa inaungua.

Siku ya maji ilipofika, sakafu ilikuwa imekauka, kijivu na laini, na Rachael alikuwa ameshaingia bafuni kabla ya kuitwa. Kahiga alileta ndoo imejaa. Akamtazama yule mama aliyejibana kwenye pembe kama ufagio.

"Inspekta, leo mwaga wewe," akasema. "Usije ukasema nimependelea."

Rachael aliinua ndoo, akamwaga. Maji yakatanda, yakasita, kisha yakageuka yote pamoja na kushika njia ya tundu. Frankline akapiga mluzi. Lorine alikuwa amechuchumaa mlangoni, mkono mdomoni.

Ni Rachael peke yake aliyeona. Pale pembeni alipokuwa amesimama maji kidogo yalibaki, upana wa kisahani cha chai. Hayakuelekea popote. Yalikaa, kama yale ya chini ya kitanda. Bila kufikiri, Rachael alisogeza mguu na kuyakanyaga.

Kahiga alitazama sakafu upande huu na upande ule, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Lakini Lorine hakuwa anatazama sakafu. Alikuwa anatazama kiatu cha mama yake, kiatu cha kitambaa, ambacho kilikuwa kinabadilika rangi kutoka chini kwenda juu.

"Mama, toa mguu."

"Mguu gani?"

"Huo unaokunywa maji."

"Huu uko sawa hapa ulipo, nyathina, mwanangu."

"Mama."

Rachael akautoa. Kisahani kile kikang'aa mbele ya watu wote. Frankline alilazimika kutoka nje akacheke vizuri. Kahiga aliinama, akatia kidole, kisha akamgeukia Lorine na kumuuliza angefanya nini. Lorine alikuwa ameshachukua nyundo na tindo. Aligonga pembe ile bila kumtazama mama yake, na kila pigo Rachael alilisikia mbavuni.

Kahiga akasema sehemu nyingine yote ya sakafu ni nzima, avunje hapo tu na kujaza upya, wataimwagia maji tena ikikauka. Ila safari hiyo Inspekta asionekane bafuni.

Njiani Rachael alimwambia binti yake kwamba angenyamaza tu, sasa wangekuwa wanafunga mizigo. Lorine akajibu kwamba kuna mtoto wa watu angekuja kuyafagia maji yale kila asubuhi. Rachael akambebea koti.

Siku ya pili ya maji, bafuni hakuonekana. Alizunguka nyuma ya nyumba, mahali bomba linapotokea, akachuchumaa na mwiko wa chapati mkononi. Alisikia ndoo ikimwagwa ndani. Kisha kimya. Kisha maji yakaja, mengi, yakimrukia magotini, yakapungua, yakawa uzi, yakawa matone. Alisubiri aone kama kuna la mwisho lililochelewa.

Kichwa cha Lorine kikatokea kwenye tundu la dirisha juu yake, nywele zimejaa vumbi, meno yote nje.

"Mama, toka hapo, unalowa. Tunakwenda Pap Onditi Jumatatu."

Nyuma yake sauti ya Kahiga ikasema wanaokwenda ni mafundi tu, Inspekta anabaki Nyalenda.

Rachael alifuta uso kwa kanga, akasimama. Alikuwa tayari amekumbuka kwamba binamu yake Sylvia ana kibanda pale sokoni Pap Onditi, na kwamba nafasi ya jiko moja haiwezi kukosekana.