Bibi Aliyekaa Mlangoni mwa Saluni Yangu

Niliwahi kumsuka mwalimu wa kwaya yetu kichwa kizima, na mistari yote ikaelekea mlangoni.

Sitanii. Ilianza vizuri pale kwenye paji la uso, ikafika utosini, halafu yote kwa pamoja ikakata kona kwenda kulia, kana kwamba kuna mtu mlangoni anaiita.

Nilipomgeuzia kioo, mwalimu wa kwaya akajitazama. Akapeleka shingo huku, akapeleka kule. Akaniuliza kwa upole kama hiyo ndiyo mitindo ya siku hizi.

Nikamwambia ndiyo.

Jumapili akasimama mbele ya kwaya, amewapa waumini mgongo kama kazi yake inavyomtaka, na kanisa zima likaona. Mdogo wangu, ambaye mdomo wake hauna breki, alisema ibada nzima alikuwa anageuka kutazama mlango wa upande, maana kichwa cha mwalimu kilikuwa kinamwelekeza huko.

Chekeni tu. Mimi siku ile sikucheka, kwa sababu nilijua kosa limetoka wapi. Wakati vidole vyangu vinasuka, macho yangu hayakuwa kichwani kwa mtu. Yalikuwa mlangoni.

Na hayakwenda huko bure.

Zamani nilikuwa msusi wa kuimba. Saluni yangu ni chumba kimoja kando ya barabara: kioo ukutani, kiti mbele ya kioo, na mlango nyuma ya mgongo wangu. Asubuhi nafungua, naanza wimbo, na wimbo unaisha na kichwa cha mtu.

Alasiri moja nilikuwa namsuka dada mmoja, nimeinama, naimba sauti ya pili ya wimbo tuliokuwa tunajifunza kwaya. Wakaingia wawili.

Sikuwasikia. Nilikuwa naimba.

Mkono ukanikaba shingo kutoka nyuma. Sitawaeleza yote. Nilipigwa mpaka nikaamini ndiyo mwisho wangu, nikaachwa sakafuni na ubavu uliovunjika. Simu zikaenda, drayeri ikaenda. Yule dada naye alikimbia na nusu ya kichwa imesukwa, na mpaka leo hajarudi kumaliziwa.

Ubavu uliunga. Mimi ndiye ambaye sikuunga.

Niliporudi kazini nilikihamisha kiti. Nikakisukuma hadi pembeni, mgongo wangu ukabaki ukutani na mlango ukabaki kuliani, niuone. Mteja akawa anasukwa huku anatazama ukuta, na kioo anaonyeshwa mwisho, kama matokeo ya mtihani. Wengi walifeli.

Kuimba niliacha kabisa. Nilijiambia kuimba ndiko kulikoniponza. Kwaya nikatoka, nikahamia benchi la mwisho kanisani, lile lililoegemea ukuta.

Wateja wakapungua mmoja mmoja. Nikamwambia mdogo wangu kwamba nafunga saluni. Kusuka ndiyo kazi pekee niliyoijua, na nilifundishwa na marehemu mama, nikiwa nimekaa katikati ya magoti yake. Siku niliyolitamka neno hilo la kufunga, nilijisikia kama ninayezika kitu ambacho bado kinapumua.

Sasa, kanisani kwetu kuna mzee mmoja wa kanisa, mtu mwenye moyo mzuri na mikono mizito. Alipopata habari zangu akaamua kuniombea. Siku hiyo wenye mizigo tuliitwa mbele, na mimi nikajikaza, nikaenda.

Tatizo ni kwamba mzee alinijia kutoka nyuma.

Alipoweka tu kiganja shingoni mwangu, kiwiko changu kikamjibu kabla mimi mwenyewe sijajibu. Kikampata tumboni. Mzee akatoa "amina" ambayo haikuwa kwenye mpango, akakaa chini.

Halafu wachache wakaanza kukemea: pepo wa hofu, pepo wa hasira, nadhani nilisikia hata pepo wa kiwiko. Nikarudi benchi la nyuma huku machozi yananitoka, nimeshaapa kwamba hapo sitakanyaga tena.

Kwenye benchi lile alikuwa amekaa bibi mmoja, mdogo wa umbo, na mkoba umemzidi ukubwa. Alikuwa anacheka mpaka mabega yanatikisika. Alisema tangu azaliwe hajawahi kusikia amina kama ile.

Kisha akaupapasa mkono wangu, akaushika.

"Usilie, mjukuu wangu. Wewe huna pepo. Umeumizwa."

Jamani. Watu walikuwa wameniambia nisahau, niwe na imani, nishukuru kwamba niko mzima. Hakuna aliyekuwa ameniambia hilo. Nililia palepale mpaka kitambaa chake kikalowa.

Akaniuliza nafanya kazi gani, na kazini ninaogopa nini hasa. Nikamweleza habari ya mlango. Akafikiri kidogo.

"Basi nitakuja kukaa mlangoni kwako."

Nilidhani ananiliwaza tu. Kesho yake asubuhi akaletwa na mjukuu wake wa kike, muuguzi, aliyekuwa anapita kwenda kazini. Akamkalisha mlangoni na mkoba wake, akaahidi kumpitia jioni. Na ikawa hivyo kila siku.

Nikaahirisha kufunga.

Bibi alikuwa mlinzi si mchezo. Mtu akiwa bado yuko barabarani, yeye ameshatangaza. Anakuja mwenye viatu virefu. Anakuja mwenye haraka, huyo ana sherehe. Huyu anaburuta mguu, mpeni kiti mapema. Na kila anayeingia, Bibi anamsifia kwamba ni mtu mpole. Nikajisemea moyoni, bibi huyu ana jicho la mwewe.

Alipenda pia kukagua kazi. Mteja akimaliza, anaitwa mlangoni, Bibi anapitisha vidole juu ya mistari taratibu, kisha anatoa hukumu: imenyooka, au imelewa.

Siku moja mbuzi wa jirani alikata kamba, akaja kuchungulia ndani. Bibi akamgeukia kwa heshima zote.

"Karibu mwanangu, keti. Foleni si ndefu."

Saluni nzima ikaangua kicheko. Mimi nilicheka mpaka nikajishika ubavu, nikaketi sakafuni na kitana mkononi. Nilipokuja kutulia ndipo nilipotambua kwamba nilikuwa sijacheka tangu siku ile mbaya. Bibi naye akacheka, kwa kuchelewa kidogo.

Wiki ile nikarudisha kiti mbele ya kioo. Nikainua macho, nikaona kilemba chake kwenye kioo, kimetulia mlangoni. Nikainama, nikasuka.

Wakati hakuna mteja, Bibi alikuwa anaomba. Hakuwa na makelele. Alizungumza na Mungu kama mtu anayezungumza na jirani wa chumba cha pili: habari za magoti yake, chai yangu isiyo na sukari ya kutosha, na mimi. Akaniambia na mimi niombe. Nikamjibu kwamba sina jambo zuri la kumwambia Mungu.

Akasema nimwambie hilo baya. "Unadhani atalisikia kwako kwa mara ya kwanza?"

Nikafunga macho, nikasema. "Mungu, nilikuwa naimba jina lako. Ulikuwa wapi?"

Likatoka kwa sauti kubwa kuliko nilivyopanga. Nilikuwa na hasira na Mungu, hasira ya kweli, na nilikuwa nimeificha chini ya zile "Bwana asifiwe" za kila Jumapili.

Bibi hakumjibia Mungu, jambo ambalo watu wengi kanisani linawashinda. Alinishika mkono tu. Mwisho akaniambia nimwulize tena kesho.

Nikauliza kesho yake. Nikauliza kesho kutwa. Kila asubuhi, kabla ya kuchovya kitana kwenye mafuta, niliuliza. Sauti haikutoka mbinguni, nisiwadanganye. Lakini mtu huwezi kumgombeza kila siku asiyekuwepo. Taratibu nikaanza kujua, kwa namna nisiyoweza kuieleza vizuri, kwamba ninayemgombeza yumo chumbani, anasikiliza, na hana mpango wa kuondoka.

Asubuhi moja nikagundua sijauliza. Nilikuwa naimba sauti ya pili.

Wateja wakaanza kurudi. Hata mwalimu wa kwaya alirudi, mwanamke jasiri yule, na Bibi akapitisha vidole na kusema imenyooka.

Basi bwana, jioni moja mjukuu muuguzi akaja kumchukua Bibi, akanijulisha kwamba kesho nisimtegemee. Anakwenda kulazwa, kuna upasuaji.

Nikashtuka, nikauliza upasuaji wa nini.

"Wa macho," akasema. "Ana mtoto wa jicho, yote mawili. Miaka yote alikuwa anaogopa kisu, sasa ndiyo amekubali. Si unajua haoni?"

Kitana kikaniponyoka.

Nikayapanga yote kichwani. Mkono uliopapasa ndipo ukanishika. Vidole juu ya mistari. Viatu virefu na mguu unaoburutwa, yote kwa masikio. Wapole wote wale. Na mbuzi. Mungu wangu, yule mbuzi hakuwa mzaha. Bibi alimkaribisha kwa moyo wake wote.

Miezi yote hiyo nilikuwa nimeupa mlango mgongo kwa kumtegemea mtu ambaye majambazi wangeingia, angewaambia foleni si ndefu.

"Bibi," nikasema, "sasa siku zote hizi ulikuwa unalinda nini?"

Alikuwa anatafuta mkoba wake. Hakuonekana kuona aibu hata kidogo.

"Nani alikwambia nalinda? Mimi nilisema nitakaa. Kulinda kuna mwenyewe, na macho yake ni mazima."

Akaondoka zake, ameshikwa mkono.

Asubuhi iliyofuata nilisimama nje ya saluni na ufunguo mkononi. Mdogo wangu alikuwa amejitolea kuja kukaa, na ulimi wangu ulikuwa tayari kumkubalia. Nikamkatalia. Sijui nguvu ilitoka wapi, ila nilijua nikikubali, nitatafuta wa kukaa mlangoni mpaka nizeeke.

Nikafungua. Kiti cha mlangoni kilikuwa kitupu.

Sikujidanganya. Mlango ni mlango, yeyote anaweza kuingia. Hakuna mahali nilipoahidiwa kwamba mabaya hayatanifikia tena. Lakini nilikuwa nimekaa salama mle ndani na mlinzi asiyeona, nikacheka, nikagombana na Mungu, nikapatana naye. Kwa hiyo nani alikuwa ananishika muda wote huo?

Nikaomba ombi fupi kuliko yote niliyowahi kuomba. "Bwana, kiti kitupu hicho. Keti."

Mteja wa kwanza akaja, mama mwenye nywele nene za kutoa jasho. Nikamweka mbele ya kioo, nikaupa mlango mgongo, nikainama. Mwanzoni nilikuwa nahesabu pumzi. Baadaye nikawa nasuka. Baadaye, bila kukusudia, nikaanza wimbo, na mama yule akaudaka, mimi nikashuka sauti ya pili. Tukaimba ubeti baada ya ubeti.

Tulipomaliza nikanyoosha mgongo, nikageuka kuchukua mafuta.

Kulikuwa na mtu nyuma yangu.

Mwanamke nisiyemjua, ameketi, amevua viatu, amejiegemeza ukutani kama yuko kwao.

Nikarudi nyuma hatua moja. "Umeingia saa ngapi?"

"Muda," akasema. "Sikutaka kuwakatiza wimbo."

Mtu alikuwa ameingia saluni kwangu, nikiwa nimeupa mlango mgongo, naimba, na sikumsikia. Ni yaleyale ya siku ile, hatua kwa hatua. Niliusubiri mwili uanze kutetemeka. Badala yake kicheko kikaja, machozi yakaja pamoja nacho, na wale wanawake wawili wakatazamana, pengine wanajiuliza kama nywele zao ziko kwenye mikono salama.

Nilikuwa nimepona. Bila kuwekewa mikono, bila tangazo, katikati ya ubeti.

Bibi aliporudi na macho mapya, alisimama mbele yangu akanikagua juu mpaka chini, muda mrefu, uso umekunjamana.

"Ndiye wewe?" akasema. "Mbona mimi nilikuwa namwombea mtu mwembamba?"

Nikamwambia maombi yalifika, hata kama anwani ilikosewa.

Sasa ninyi mnaosoma. Ukiwa na mtu aliyeumizwa, usimpelekee hotuba, na usimjie kutoka nyuma. Chukua kiti, ukae naye, hata kama huoni utamsaidiaje.

Na kama aliyeumizwa ni wewe, mgombeze Mungu ukitaka, anavumilia. Ila usitoke chumbani.