Upande Unaotoka Upepo

Mzee Kenchi aliezeka nyumba za watu tangu ndevu hazijamwota. Jina hilo alibandikwa na mafundi wenzake, kwa kuwa kenchi, yaani fremu ya mbao inayobeba paa, aliyoipigilia yeye haikuyumba hata upepo uje na ukoo wake mzima. Alikuwa na desturi moja: hapandi ngazi kabla hajasimama katikati ya kiwanja, akalowesha kidole, akakiinua juu, kisha akawauliza wenyeji upepo wa hapo hutoka wapi. Asipojibiwa akaridhika, hukaa chini akausubiri upepo wenyewe uje umwambie.

Sasa alikuwa amestaafu, na wiki ile alikuwa anapanda juu ya paa lake mwenyewe, moyo ukimdunda kama bwana harusi. Paa hilo lilikuwa la gari.

Lilikuwa gari refu ambalo zamani lilikuwa kliniki ya kuzunguka. Yeye na mkewe waliligeuza nyumba: kitanda nyuma, jiko la mafiga mawili, sinki, na kabati lenye vifungo ili vikombe visiruke njiani. Dereva alikuwa mkewe, aliyeendesha basi la shule hadi alipostaafu. Kenchi na usukani hawakupatana kamwe. Watu wa nyumbani husema hata mkokoteni humkataa. Mpango wao ulikuwa kwenda kwa dada mkubwa wa mke, mwisho kabisa wa barabara kuu, na jioni itakapowakuta, hapo hapo walale. Walikuwa wakiizungumza safari hiyo tangu watoto wakiwa wadogo, na kitanda kilikuwa kimeshatandikwa.

Shida ilikuwa madirisha ya paa. Yalikuwa mawili, moja juu ya kitanda na jingine juu ya jiko, kila moja na kifuniko cha plastiki kinachoinuliwa ili hewa ipite. Siku ya kwanza ya kulijaribu gari, mwendo ulipokolea tu, vifuniko vikaanza kupiga mluzi. Kisha kile cha kitandani kikainuka na kujibamiza kwa kishindo, mkewe akashtuka, gari likayumba hadi ukingoni mwa barabara. Alilirudisha nyumbani mwendo wa jongoo. Alisema amebeba watoto wa watu miaka yote ile akitazama mbele, na hawezi kuendesha kitu kinachompigia kelele kisogoni.

Binti yao wa mwisho, ambaye tangu mwanzo aliona wazazi wake wanacheza kibaba na kimama uzeeni, hakuchelewa kumtafuta mnunuzi. Alipatikana bwana mmoja aliyetaka kulifanya gari duka la kutembea, naye angekuja Jumamosi mchana. Mama akakubali: likipiga mluzi tena, liende.

Kenchi akaagiza vikinga upepo. Ni vipande vyeusi vya plastiki vilivyoinama kama ukingo wa kofia. Hugundishwa juu ya paa, pembeni mwa dirisha, ili upepo ukivigonga uruke juu badala ya kupenya chini ya kifuniko. Vilikuja na karatasi ya picha tupu: dirisha, kikinga, na mshale mnene wa kuonyesha upepo unatoka upande gani. Kenchi alipouona mshale alifurahi kama amekutana na jirani ugenini. Lugha hiyo aliijua.

Alilaza ubao juu ya paa asije akalitoboa kwa goti, akafuta vumbi kwa spiriti, akabandika utepe wa karatasi ili gundi isichafue pembeni. Gundi akaiminya kwa mstari mmoja usiokatika. Mkewe alikuwa ndani akikunja pindo za mapazia, na kupitia dirishani akamuuliza kama huko juu anasali, maana kanyamaza mno. Alimjibu kwamba anausikiliza upepo. Alikuwa ameinua kidole chake, na upepo wa ua wao, kama siku zote, ulitoka kiwanja cha mpira na kupanda ukuta wa nyuma. Basi vikinga akaviweka upande wa kiwanja cha mpira.

Alhamisi, gundi ilipokauka, wakatoka. Binti alikaa nyuma, mikono kifuani, kama msimamizi wa mtihani. Mwendo ulipopanda, mluzi ukaja, safari hii kwa sauti mbili, na vifuniko vyote viwili vikaanza kujibamiza kwa zamu. Mama akawasha taa ya pembeni, akaegesha, akazima injini.

"Baba, kubali tu," binti akasema, kwa upole.

Kenchi alishuka. Alizunguka nyuma ya gari, akapanda ngazi. Akaitazama pua ya gari, akavitazama vikinga vyake vilivyojibanza nyuma ya madirisha kama watu waliochelewa foleni. Lori likapita, upepo wake ukamchapa usoni. Akaanza kucheka, kidogo kidogo, mpaka ngazi ikatikisika.

Mkewe alikuwa ameshashuka. "Unacheka nini, mzee, na gari linauzwa?"

"Mke wangu, nimelikinga na upepo wa nyumbani."

Mama alikinga jua kwa kiganja, akatazama juu, akatazama barabara, kisha akatazama juu tena.

"Kwa hiyo likiegeshwa uani, halipigi mluzi."

"Uani ni salama kabisa."

"Basi tuendeshe kinyumenyume mpaka kwa dada."

Mama akaegemea gari akicheka hadi machozi. Binti alijikaza, akashindwa, akageukia shambani kuficha mdomo.

Walirudi polepole. Jioni hiyo hiyo Kenchi alivikata vikinga kwa mshipi wa kuvulia, akiuvuta huku na huku chini ya gundi kama msumeno, akakwangua, akasafisha, akaanza upya. Mara hii mkewe, na goti lake bovu, alipanda ngazi nusu na kumwelekeza kwa mwiko.

"Mbele ni huku. Huku ninakotazama mimi."

Jumamosi asubuhi binti alibaki kumsubiri mnunuzi. Makubaliano yalikuwa kufika kituo cha mafuta cha njia panda na kugeuka. Mama aliingia barabara kuu shingo imekaza. Kenchi, kando yake, hakutazama njia hata kidogo; alitazama dari. Mshale wa mwendo ukapanda. Vifuniko, kimya. Ukapanda tena, ukapita pale palipowatia hofu, na Kenchi akaanza kusikia vitu ambavyo hakuwahi kuvisikia garini humo: vikombe vikigusana kabatini, pete ya mkewe ikigonga usukani. Kisha mkewe akaanza kuimba kwa pua.

Kituo cha mafuta kikaja, kikapita.

"Mama, tumepita pa kugeukia."

"Nimepaona."

Kenchi alitazama miguu yake. Alikuwa na kandambili. Akacheka peke yake, akashusha kioo, akatoa mkono nje upepo uupige.

Jua lilipofika utosini, simu ikalia. Alikuwa binti: mnunuzi amefika, yuko getini na mwenzake, wanauliza mko wapi. Kenchi akamsogezea mkewe simu sikioni.

"Mwambie nyumba imehama," mama akasema, akalipita lori.

 Upande wa pili binti akauliza kama wamebeba mablanketi ya kutosha.