Meno ya Baba na Chungu cha Wakwe

Meno manne ya mbele ya baba yalikuwa yakicheza. Akitafuna muhogo, uliyaona yakisogea, naye akiyarudisha kwa ulimi huku akiendelea na mazungumzo. Ufizi ulivimba, ukatoa damu, na harufu yake, Mungu anisamehe, ilinihamisha mezani. Kwetu Mulanda jino likicheza linang'olewa, basi. Mimi nilikataa. Baba ndiye msomaji wa Neno kanisani, na aliniambia, akitazama pembeni, kwamba meno hayo yakitoka hatasimama tena mbele ya watu.

Nikamvusha mpaka hadi kwa daktari wa meno upande wa Kenya, pale Busia. Daktari, mwanamke mdogo kwangu kwa umri, alimdunga ganzi, akasafisha mpaka chini ya ufizi, akikwangua ukoga uliokuwa umegeuka jiwe kwenye mizizi. Kisha akachukua sindano butu, akajaza dawa nzito kama jeli ndani ya mianya iliyokuwa kati ya ufizi na meno.

"Kusafisha ndiyo kazi yenyewe," alisema. "Dawa inasaidia, lakini lazima ikae pale nilipoiweka. Mzee, kwa sasa usile kigumu, usinywe cha moto, usifyonze kitu."

"Nimesikia, daktari. Chai naacha," baba akajibu kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona nyumbani.

Wiki haijaisha, wakwe wakafika kutoka Kisoko kumposa mdogo wangu wa kike. Chungu cha malwa, pombe yetu ya ulezi inayoongezwa maji ya moto, kikawekwa katikati, mirija mirefu ikachomekwa. Kwetu mwenye nyumba ndiye anayevuta kwanza, wageni waone kwamba pombe haina ubaya. Asipovuta, hakuna atakayegusa mrija, na posa inarudi ilikotoka.

Nilikuwa nimemwomba baba mdogo avute badala yake. Alinitazama kama niliyemwambia akalale kitanda cha kaka yake.

"Kwani mimi nakufa?" baba akauliza. "Huyu atavuta namna gani na mimi niko hapa?" Kisha akanivuta kando, akaniongelesha kwa upole. "Usiogope, mama. Moto ni ya chungu. Mrija ni mrefu, pombe ikifika kwa mdomo imepoa. Na mimi navuta na hii upande ingine."

Aliamini hivyo kabisa. Ningebishana naye hadi jioni, lakini wageni walikuwa wamekwisha kukaa, na mimi ndiye binti mkubwa, mwenye kazi ya kuongeza maji ya moto chunguni. Nikapiga magoti, birika mkononi, nikamimina kidogo sana. Baba akavuta. Mashavu yake yaliingia ndani, na mimi nikahisi kama dawa ile yote inatoka mbele ya macho yangu.

"Ongeza, binti," mmoja wa wakwe akasema. "Chungu yenu inapoa."

Nikaongeza. Ningefanya nini? Nilimwaga maji yale ya moto huku nikiwachukia wote, wakwe, baba, hata mdogo wangu aliyekuwa jikoni akicheka na shangazi.

Tuliporudi kwa daktari, meno mawili ya katikati yalitoka karibu bila koleo. Nikamsimulia habari za chungu. Nilitaka aseme ndiyo, ni malwa, nipate wa kumkasirikia maisha yangu yote.

"Siwezi kujua, dada," akasema. "Mfupa ulikuwa umekwisha kuliwa na ugonjwa. Pengine yangetoka hata kama dawa ingekaa."

Posa ilikubaliwa, wakwe wakamsifu baba kwa ukarimu, na mdogo wangu akaanza kuchagua vitambaa.

Jumapili iliyofuata baba alikataa kukaa mbele, tukakaa benchi la nyuma. Saa ya somo ilipofika, kanisa zima likageuka kumtafuta. Aliinamisha kichwa, akanisukumia Biblia yake magotini. Nikaenda, nikasoma vibaya, nikiruka mistari. Nilipomaliza watu wote wakaitikia Amina kwa sauti kubwa, wakinihurumia. Baba aliitikia pia, kiganja kikiwa kimefunika mdomo.