Saa ya Papa Jafari Mbele ya Watu wa Dawa

Papa yangu, Jafari Lukumani, alikuwa fundi wa saa kule Lubunga, kando ya mto, na nasema wazi: yule mutu alipenda saa kuliko chakula. Alikuwa nazo kumi na mbili kwenye mukebe wa biskuti, lakini aliyovaa ni moja tu: kronografu ya Kijerumani, ya Glashütte, uso mweusi, vifungo viwili pembeni. Aliinunua kwa Mugiriki mumoja ikiwa imejaa maji ya mto, imekufa kabisa. Miaka sita akatafuta vipande vyake, kimoja kimoja, mpaka ikatembea. Mwenye kutaka cha uvunguni sharti ainame, na Papa aliinama mpaka mugongo ukapinda. Mama alikuwa anamuita kwa jina langu, anamuambia, "Papa Nyota, hii saa ungeioa tu."

Kila asubuhi aliiweka sikioni, akaminya kifungo, akasikiliza, akacheka peke yake. Bon, mwaka wa 1964 waasi wakaushika muji, wale Simba wenye dawa ya kuzuia risasi, na Simba mumoja akamukuta hivyo hivyo mulangoni kwetu.

"Huyu muzee iko na phonie! Anaongea na Wamerika!"

Phonie ni radio ya kuitia ndege. Wakati ule, mutu wa phonie hakurudi nyumbani.

Wakamupeleka kwa kapiteni wao, Alexis, pale kwenye stesheni ya gari la moshi. Mimi na Mama tukafuata. Mimi nilishika nguo ya Mama, sifichi. Papa yeye alikuwa na hasira tu, kwa sababu wameiita saa yake radio. Akaifungua mugongo kwa kisu kidogo.

"Kapiteni, angalia. Pile, ile betri, iko wapi? Phonie bila pile inaongea na nani?"

"Na hivi vifungo?"

"Tuma mutu akimbie mpaka mutoni na kurudi, utaona kazi yake."

Simba mumoja akakimbia. Papa akaminya, akaminya tena. "Dakika moja na segonde kumi na mbili." Wa pili akajigamba atamupita, akatumia dakika moja na segonde kumi na tano, wakamucheka sana. Alors, kesi ikaishia hapo. Kila mutu alitaka kupimwa, hata mulinzi wa Papa alitupa mukuki akakimbia. Kapiteni mwenyewe akavua viatu, akashinda wote.

Alifurahi. "Muzee, uko huru. Saa inabaki." Akaivaa.

Nilitaka kumuvuta Papa shati twende zetu. Yeye hakusogea.

"Kapiteni, uko na dawa mwilini?"

"Niko nayo."

"Sheria ya dawa inasema nini juu ya kitu ya mutu?"

Wote waliijua: Simba akiiba, dawa inamutoka, risasi inamuingia. Macho yao yote yakaenda kwenye mukono wa kapiteni, na wawili waliokuwa karibu naye wakasogea pembeni.

Kapiteni akaivua upesi, akaiweka mezani. Papa akaifunga mukononi polepole, akakunja mukono wa shati mpaka kwenye kiwiko ili saa ionekane, akapita katikati yao. Mimi nilitembea nyuma yake na kiburi kingi, mpaka Mama akanifinya.