Jumamosi Niliyopanda Kilimani Kutafuta Mtandao

Ofisini kwetu Kibaha tulikuwa na kundi la WhatsApp la idara, na mimi nilijulikana kwa kuwa wa kwanza kujibu. Mkuu wetu wa idara akiandika, "Naomba taarifa za kata," kabla hajaweka simu chini nimeshamjibu, "Sawa mkuu, naifanyia kazi." Nilijibu nikiwa jikoni, nikiwa kwenye foleni ya kliniki na mtoto, nikiwa nimekaa kwenye mkeka msibani. Nyumbani kwetu, mtaa wa Picha ya Ndege, mume wangu alizoea kuniambia jambo mara mbili, ya tatu akaacha. Sikuona ubaya. Mimi ni mtoto wa wakulima wa Kisarawe, wa kwanza katika ukoo kupata ajira ya ofisini, na kila simu ilipotetema nilijisikia kuwa mtu anayehitajika.

Mama aliishi peke yake shambani, kwa kuwa baba alifariki mimi nikiwa shule ya msingi. Alikuwa na simu ya kitochi aliyonunuliwa na kaka, na hakuwa na mazungumzo marefu nayo. Siku moja alinipigia katikati ya wiki, saa za kazi, jambo ambalo hakuwa na kawaida nalo.

"Jumamosi njoo," alisema. "Wapimaji wa ardhi wanakuja kijijini mwezi ujao. Nataka nikuonyeshe mipaka, na makaburi."

"Si ungemsubiri kaka, mama?"

"Kaka yako yuko mbali. Halafu lipo moja nataka nikuonyeshe wewe."

Nilijua analisema lipi. Kabla ya kaka, mama alizaa mtoto ambaye hakufikisha siku arobaini. Hatukuwahi kuambiwa zaidi ya hapo. Akitajwa, basi ni "mtoto wa kwanza", na mazungumzo yanahamia kwingine.

Jumamosi nilifika mapema. Nilimkuta mama ameshavaa viatu vya shamba, panga mkononi. Tulianzia upande wa mikorosho. Alikuwa akitembea mbele, anasimama, anagusa jiwe kwa ncha ya panga, anasema, "Hapa tunapakana na fulani," anaendelea. Hakuwa na haraka. Mimi nilikuwa nyuma yake, na simu ilikuwa mfukoni, na kule bondeni mtandao huwa unakuja na kukatika. Ujumbe ulipenya tulipokaribia makaburi. Mkuu alikuwa kwenye kikao na aliomba kwenye kundi orodha ya vituo vya afya iliyosahihishwa. Orodha ilikuwa kwenye simu yangu. Nilijaribu kuituma, ikagoma.

"Mama, naomba dakika kumi. Napanda pale juu shuleni, kuna mtandao."

Alinitazama, akatazama kilima. "Leo Jumamosi," alisema.

"Ni dakika kumi tu, mama."

"Haya. Nenda."

Zilikuwa dakika kumi za kwenda tu. Kilimani faili lilichukua muda kupanda, kisha likaja swali, kisha swali jingine, kisha simu ya mwenzangu akitaka kujua nimetumia orodha ipi. Nilisimama kwenye jua nikiwajibu wote. Mwisho mkuu aliweka alama ya dole gumba. Nilipotazama saa, nilikuwa nimekaa kule karibu saa mbili.

Niliporudi, mama alikuwa ameshafika nyumbani. Alikuwa ameketi barazani, anakuna nazi.

"Twende sasa, mama. Nimemaliza."

"Mimi nimechoka, mwanangu. Utakuja siku nyingine."

Hakusema kwa hasira. Alinipikia wali na kisamvu, akanifungia na mihogo ya kwenda nayo. Wakati nakula, simu ilitetema tena, na nilikula huku naandika kwa mkono wa kushoto. Jumatatu ofisini niligundua kwamba mwenzangu mmoja alikuwa ameshatuma orodha ileile kabla yangu. Yangu haikutumika.

Siku nyingine haikupatikana. Jumamosi iliyofuata kulikuwa na taarifa ya robo mwaka. Iliyofuata niliahirisha mwenyewe kwa sababu nilikuwa hoi. Kabla ya ile ya tatu, jirani alipiga simu kwamba mama ameanguka uani. Ilikuwa kiharusi. Alilazwa majuma mawili, akatoka akiwa hai, ila upande wa kulia ulikuwa umekufa ganzi na maneno yalikuwa yamempotea.

Wapimaji walikuja mama akiwa ndiyo kwanza amerudi nyumbani. Kaka alikuja kutoka Mbeya. Tulimbeba mama kwenye kiti cha plastiki hadi shambani. Mipaka tuliipata, kwa sababu majirani waliijua na mimi nilikumbuka mawe machache. Tulipofika makaburini, mpimaji, kijana mwenye adabu, alituuliza eneo linaanzia wapi na kuishia wapi.

Makaburi ya kwetu hayakujengewa. Machache yana mawe, mengi ni vituta vidogo vilivyokwisha kusawazishwa na mvua. Kaka alinigeukia.

"Mama alikuonyesha, si ndiyo? Ulikuja."

"Nilikuja," nilisema. "Sikuona."

"Hukuonaje?"

Nilimweleza, pale pale, mbele ya mpimaji. Mama aliinua mkono wa kushoto, akauelekeza upande wa kichaka, kisha upande mwingine, kisha akaushusha mapajani na kuanza kulia bila sauti. Mpimaji alisubiri. Baadaye alipendekeza tuache eneo kubwa zaidi, lote liandikwe makaburi, na tukakubali.

Niliporudi kazini nilimfuata mkuu ofisini kwake. Nilikuwa nimejiandaa kwa mabishano. Nilimwambia kwamba Jumamosi na Jumapili sitapatikana kwenye simu, namuuguza mama. Alivua miwani, akanipa pole. "Mbona hukusema mapema?" aliuliza. "Mimi huwa naandika nisije nikasahau. Sikudhani unajibu papo hapo kwa kuona unalazimika." Nilitoka nikiwa na uzito zaidi kuliko nilioingia nao. Nilikuwa nimekuja nikitaka kumlaumu, na sikuona la kumlaumu.

Sasa kila Jumamosi naenda Kisarawe na simu naiacha nyumbani. Mwanzoni mkono ulikuwa ukienda mfukoni wenyewe. Namwogesha mama, namkanda mkono, tunafanya mazoezi ya maneno kama alivyoelekeza mtaalamu wa hospitali: maji, chumvi, mlango. Mengine yanatoka, mengine hayatoki, na akishindwa anageuzia uso ukutani, nami namsubiri mpaka ageuke.

Jumamosi moja, nikiwa namchana nywele, nilimuuliza jambo ambalo sikuwahi kuthubutu kumuuliza alipokuwa na maneno yake yote.

"Mama, yule mtoto wa kwanza. Alikuwa wa kiume?"

Alitikisa kichwa kukataa.

"Wa kike?"

Alifumba macho, akakubali. Niliendelea kumchana taratibu. Katika umri wangu huu, ndiyo kwanza najua kwamba nilikuwa na dada.